Mahali pa Kukisia

Dada yangu ni mbishi. Nalisema hili mapema ili asije mtu akanigeuzia kibao baadaye. Alikuwa mbishi tukiwa watoto, akaolewa akiwa mbishi, na alipofiwa na mumewe, ubishi ndio kitu alichobaki nacho, ukiacha cherehani na kitanda kikubwa ambacho mpaka leo analala ukingoni tu, kama mgeni aliyeambiwa asikunje shuka.

Mimi ni msusi. Kutwa nasimama nyuma ya vichwa vya watu nikiongea, mdomo wangu hauna breki, na waume wawili waliwahi kuniambia hivyo kabla ya kufunga mizigo yao. Dada anashona sare za shule. Anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kutoa neno zaidi ya "shika hapa". Tumenyonya ziwa moja, na kufanana kwetu kuliishia hapo hapo.

Shemeji yangu alikuwa fundi mitambo kwenye meli ndogo ya kubeba saruji. Mtu mpole, mwenye utani, ananukia dizeli hata akioga mara mbili. Meli ile ilizama siku ya upepo mbaya. Waliokuwa juu waliokolewa wote. Yeye alikuwa chini kwenye injini, anahangaika na pampu, na hakuonekana tena, wala mwili wake haukupatikana. Watu wa kampuni walikuja na nyuso zao za msiba, wakaleta begi lake na maneno chungu nzima, na katika maneno yote yale dada alishika kitu kimoja tu. Kabla ya kuzama, nahodha aliita kwenye redio akataja mahali walipo. Alitaja namba mbili: moja ya kukuonyesha uko juu au chini kiasi gani duniani, nyingine ya kukuonyesha uko kushoto au kulia kiasi gani. Dada alizikariri namba zile siku ile ile na hajazisahau.

"Wenzangu wana makaburi," aliniambia tukiwa tunaosha vyombo vya matanga. "Wanakwenda, wanang'oa majani, wanasema yao, wanarudi nyumbani. Mimi nina namba mbili. Nataka kujua ni wapi, nisimame hapo, nimuage mume wangu. Sitaki kingine."

"Lakini ni baharini, dada."

"Kwani baharini hakuna mahali?"



Chumba cha ramani kiko ghorofa ya juu ya ofisi ya bandari, mwisho wa ujia ambao taa zake nusu zimeungua. Nilimsindikiza siku ya kwanza kwa sababu nilidhani watamfukuza, na mimi kwenye kufukuzwa nina uzoefu. Ndani mna makabati ya chuma yenye droo pana na bapa, meza moja kubwa kama kitanda, na dirisha lililopakwa rangi mpaka likagoma kufunguka. Mwenye chumba alikuwa baharia mstaafu, mrefu, amenyooka, anayebeba kwapani rula mbili zilizoungwa pamoja kwa vyuma, zile zinazotembea juu ya karatasi bila kupoteza mwelekeo. Papo hapo nikampa jina, Bwana Rula. Alikuwa na pumu. Kila baada ya sentensi ndefu anavuta dawa yake, halafu anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyemchosha.

Dada alimtajia namba zake. Bwana Rula akavuta droo, akatandaza ramani ya bahari, akatazama pembeni, akatazama juu, kisha akaweka kidole.

"Ni hapa, mama."

Dada akakitazama kile kidole muda mrefu.

"Mzee, kidole chako kimefunika kama bandari nzima. Hapa ni hapa wapi?"

"Hapa ni hapa."

"Mimi nashona. Nikimwambia mteja kifungo kitakaa hapa, nikaweka kiganja, atanielewa?"

Bwana Rula akavuta dawa. Nikajua sasa tunatolewa. Badala yake akasema kwamba jioni ana darasa la watu wanaotaka vyeti vya kuendesha boti, na kama mama anataka kujua hapa ni hapa wapi, aje ajifunze kuweka alama mwenyewe. Nadhani alisema ili amwondoe. Hakumjua dada yangu.

Basi akaanza kusoma. Makubwa! Mwanamke wa umri wake, miwani puani, futi kamba na kisumaku cha kuokotea pini shingoni, ameketi katikati ya wanaume wanaonuka mafuta ya injini. Mimi kila nikisuka mtu nilikuwa namsimulia, na wateja walicheka mpaka vichwa vikanitoka mikononi. Nilicheka nao. Lakini nikifika nyumbani jioni nikakuta nyumba kimya, cherehani imefunikwa, chakula kimefunikwa, nilikuwa nakula peke yangu nikisikiliza jokofu linavyonguruma. Hapo ndipo nilipopata picha ya jinsi yeye alivyokuwa akiishi kabla sijahamia kwake baada ya matanga.

Alirudi na mambo. Mezani hapakuwa tena na nafasi ya sahani. Aliniambia bahari ina karatasi nyingi kuliko nchi kavu. Kuna ramani yenyewe, yenye vijinamba vya kina vilivyotapakaa kama ufuta. Kuna kitabu kinachoeleza pwani ilivyo ukiitazama kutoka majini, mlima gani una upara, jengo gani ni jeupe. Kuna kitabu cha taa, kila mnara na namna yake ya kukonyeza. Kuna kitabu cha maji kujaa na kupwa.

"Na kitabu cha kukuambia ulale saa ngapi, kipo?" nikamuuliza.

"Shika hapa," akasema, akanipa ncha ya ramani niikandamize.

Mara ya kwanza alipoweka alama ya namba zake mwenyewe, mbele ya darasa, alianza kuhesabu kutoka upande usio sahihi wa karatasi. Alama yake ikaangukia nchi kavu. Bwana Rula akainama, akachungulia, akasema, "Fundi, mumeo amezama kwenye machimbo ya kokoto?" Darasa zima likaangua kicheko. Halafu mwenyewe akagundua amesema nini, na kwa anavyosimulia dada, alivuta dawa yake mara mbili akaanza kufuta ubao ambao haukuwa na kitu.  Dada alichukua raba, akafuta alama yake, akahesabu upya kutoka upande unaotakiwa.

Safari hii penseli ilitua majini. Na pale pale ilipotua, palikuwa na kitu kimeshachapwa: kijistari kimoja kilichokatwa na vijistari vitatu, kama mshono wa muda unaoshikilia pindo. Bwana Rula akamwambia hiyo ndiyo alama ya mabaki ya meli. Ni meli ya mumewe. Waliochora ramani walizipata namba zile zile kutoka redioni.

"Na hizi herufi mbili pembeni?"

"Hizo zinamaanisha mahali pa kukisia. Kwamba meli iko maeneo hayo, lakini hakuna aliyepima."

Alirudi nyumbani siku hiyo amefura. Alitupa mkoba kwenye kiti.

"Kukisia!" akasema. "Mume wangu si wa kukisia. Alikuwa mtu, ana uzito, ana urefu, nimemshonea suruali miaka yote hiyo. Leo awe wa kukisia?"

Nilimwambia akae, ale. Hakula. Alikaa akaichora ile alama nyuma ya karatasi ya sare, mara nyingi, kila moja imenyooka kuliko nyingine. Niliumia kumtazama, nikaenda kulala na hasira ambayo sikujua ni ya nani.

Baada ya darasa kwisha na wanaume kwenda zao na vyeti vyao, yeye aliendelea kwenda. Bwana Rula mikono ilikuwa inaanza kutetemeka, na kazi ya chumba kile inataka mkono uliotulia. Kila wiki yanakuja matangazo kwa mabaharia: boya limehamishwa, taa imebadilishwa rangi, mwamba umeonekana mahali ambapo jana palikuwa salama. Kila tangazo lazima liingizwe kwenye ramani kwa mkono, kwa wino wa zambarau, maana mwekundu hauonekani kwa mtu aliye chini ya taa nyekundu ya chumba cha usukani. Ukimaliza unaandika namba ya tangazo kwenye kona ya chini, kushoto. Na kila tangazo jipya linataja namba ya lile lililolitangulia, ili ukitazama konani usipoikuta, ujue kuna kitu umekiruka. Jambo jingine ambalo Bwana Rula hakuwa na mchezo nalo: kinachoondolewa hakifutwi kwa raba, wala hakikwanguliwi kwa wembe. Kinapigwa mstari mmoja mwembamba, ili atakayekuja baadaye asome kilichokuwepo.

Dada aliipenda kazi ile. Nasema aliipenda, ingawa hajawahi kulitamka neno hilo. Asubuhi anashona, mchana anapanda ngazi za bandari. Wawili wale walikuwa wanafanya kazi upande huu na upande ule wa meza bila kuongea, kila mmoja na upweke wake, na mimi nikipeleka chakula nilikuwa naongea peke yangu mpaka nachoka. Bwana Rula alimpa ramani zilizopitwa na wakati, na dada akawa anakatia ruwaza za nguo. Nyumba ikajaa mikono ya mashati yenye vina vya bahari na kola zenye minara ya taa.

Sasa, ile meli ya abiria inayovuka ghuba hupita karibu na mahali pale. Haipiti juu yake, inapita pembeni, na ukiwa unakwenda panakuwa mkono wako wa kushoto. Nilimwambia dada amwombe nahodha amwonyeshe.

"Atanyoosha mkono aseme kule. Kule ndiyo wapi?"

Alitaka kupajua kwa macho yake. Kwenye ramani alipata mistari miwili. Wa kwanza: tangi la maji lililo juu ya kilima linapokaa nyuma ya mnara wa taa, mnara ukalificha. Wa pili: bomba la moshi la kiwanda, likitazamwa kwa dira ya mkono, linapofika kwenye namba fulani. Mistari hiyo miwili ikikutana, uko mkabala na shemeji. Bwana Rula akamwazima dira, akamwonya asisimame karibu na vyuma vikubwa maana chuma kinaivuta sindano.

Nilikwenda naye. Toba! Mimi na maji ni paka na maji. Tangu tunaondoka gatini nililala kwenye benchi la ndani, kitambaa usoni, tumbo likipanda na kushuka. Dada alisimama nje peke yake. Nilimwona kupitia kioo, gauni lake jeusi, dira jichoni, watu wakimpita wakidhani anapiga picha. Tangi lilikwenda nyuma ya mnara. Bomba la moshi halikufika kwenye namba yake. Tangi likatokea upande wa pili, na bomba bado. Alikuja akakaa ubavuni kwangu, mikono imelegea mapajani.

"Nimempita," akasema. "Sijui alikuwa wapi, nimempita."

Nilijitahidi kuinuka nimkumbatie, nikatapika kwenye mfuko. Ndiyo msaada niliompa siku ile.

Kesho yake Bwana Rula alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia aishike dira kama alivyoishika melini. Akaishika. Yule mzee akamtazama kifuani, akaanza kucheka, akacheka mpaka pumu ikamkaba na nikamtafutia dawa mwenyewe mfukoni. Dada alikuwa amevaa shingoni kile kisumaku chake cha kuokotea pini, kama anavyokivaa siku zote za Mungu, halali bila kukivaa. Sindano ya dira ilikuwa inamtazama yeye. Jamani, kati ya mabaharia wote waliowahi kupotea majini, nani mwingine aliyepotezwa na sumaku ya pini?

"Fundi," akasema mzee alipopata pumzi, "ukienda kwa mumeo, kazi iache nyumbani."

Dada alicheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu msiba.

Mara ya pili alikwenda bila sumaku, na tangi likajificha nyuma ya mnara, na bomba likatua kwenye namba yake papo hapo. Nilimwona kwenye kioo akishusha dira. Midomo yake ilikuwa inacheza. Aliongea, yule mwanamke ambaye haongei, aliongea mpaka mnara na tangi vikaachana na hata baada ya hapo. Sikumuuliza alisema nini. Alirudi ndani uso umelowa na umepumzika, akaniomba maji, akalala begani kwangu mpaka gatini.

Tangu hapo akawa anakwenda kila alipopata nafasi. Ndilo lililokuwa kaburi lake. Alipotaka kwenda alivaa gauni zuri, alivua sumaku akaitundika kwenye msumari karibu na mlango, na nikiona sumaku msumarini nikajua leo tunasafiri, nikaanza kuumwa tumbo tukiwa bado nchi kavu. Kila mara nililala kwenye benchi lile lile. Nilikuwa namwambia, dada, mimi nakusindikiza lakini usinitarajie huko nje. Akasema hajanitarajia. Na kweli, pale ubavuni mwa meli alisimama peke yake, na nadhani alitaka iwe hivyo.

Nakuja kwenye siku yenyewe. Nilikuwa nimepeleka chakula, nimekaa kwenye kigoda nikimsimulia Bwana Rula habari za bibi harusi aliyenikimbia na nusu kichwa. Dada alikuwa na ramani ile, ramani yake, mbele yake, na tangazo jipya: taa ya kwenye ukuta wa bandari imebadilishwa. Jambo dogo. Aliinama kutazama kona ya kushoto, akanyanyuka, akainama tena.

"Mwalimu, kuna tangazo tumeliruka."

"Hapana," akasema Bwana Rula, haraka mno.

"Hili linataja namba iliyolitangulia. Hapa konani haipo."

Mzee akaenda dirishani, lile dirisha lisilofunguka, akasimama akilitazama. Nami nikakatisha hadithi yangu, maana hata mimi na mdomo wangu nilihisi kitu.

"Mwalimu. Hujawahi kuruka tangazo."

Alirudi, akainua vitabu vya maji kujaa na kupwa, akatoa karatasi chini yake. Akaiweka mezani bila kuiachia, dada akaivuta polepole. Nilisoma juu ya bega lake. Ilikuwa na mistari michache. Ilisema: futa mabaki ya meli, mahali pa kukisia. Halafu zikafuata namba mbili ambazo kufikia hapo hata mimi nilikuwa nazijua kwa moyo.

"Wameitoa majini?" dada akauliza.

"Hapana. Meli ya upimaji imepita pale. Wamepima chini kote, wakarudia. Ni mchanga mtupu."

"Kwa hiyo yuko wapi?"

"Nahodha alitaja mahali alipodhani wapo. Katika upepo ule..." Akavuta dawa. "Sijui, Fundi. Hakuna anayejua."

Hasira zikanipanda. Nikamwambia yule mzee kwa nini wasiache tu, kijialama chenyewe hata nzi hakimtoshi, kinamdhuru nani baharini? Wafute miamba yao, wamwachie mtu mumewe! Nilikuwa napiga kelele. Bwana Rula hakunijibu mimi. Alimjibu dada.

"Nilikiacha. Kazi yangu yote sijawahi kuacha tangazo. Nikasema hili moja nitaliacha."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje?"

"Kwa mdomo, mwalimu. Mimi nimekwenda pale baada ya karatasi hii kufika. Nimevaa gauni langu, nimesimama, nimeongea na mchanga."

Yule mzee akafunika macho kwa kiganja. Nilimhurumia, ingawa nilikuwa bado nataka kumpiga na ile rula yake. Alisema basi, dada alete kalamu, kazi hiyo ataifanya yeye mwenyewe. Dada akamtazama mikono.

"Inatetemeka. Utaharibu ramani."

Akachukua kalamu ya zambarau. Akaweka rula. Mimi nilikuwa nasema moyoni, dada usifanye, dada weka chini twende nyumbani, na pengine nilisema kwa sauti. Akapiga mstari, mmoja, mwembamba, katikati ya kile kijistari na vijistari vyake vitatu, na mwingine juu ya zile herufi mbili. Akaandika namba konani. Kisha akachukua tangazo la taa, akaliingiza nalo, akaandika namba yake baada ya ile, kwa sababu zinafuatana. Aliifunika kalamu. Akasogea mpaka kwenye kabati, akageuza uso ukutani, akalia huko, machozi yasije yakadondokea wino kabla haujakauka.

Nilimshika kiuno. Alikuwa anatetemeka mwili mzima, yule mwenye mkono uliotulia. "Sina tena mahali," akasema. "Mdogo wangu, sina hata mahali." 

Nilipogeuka niliona ramani pale mezani. Chini ya mstari wa zambarau alama ilikuwa bado inasomeka, kijistari na vijistari vyake.

Zikapita siku ambazo sumaku haikutoka shingoni mwake. Alishona. Alikwenda chumba cha ramani, akarudi, akashona. Bwana Rula alinipigia simu kazini kuniuliza kama anakula, maana yeye alikuwa anaogopa kumuuliza. Usiku nilikuwa nasikia kitanda kile kikubwa kikilia upande mmoja tu.

Asubuhi moja nikaamka nikaikuta sumaku msumarini. Alikuwa ameshavaa, ameketi kwenye kiti cha cherehani, mkoba mapajani.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza, swali la kijinga.

"Sijui," akasema. "Nataka tu kwenda."

Dira hakuichukua. Tukapanda meli, nikaelekea kwenye benchi langu kwa mazoea, tumbo limeshaanza vituko vyake. Kupitia kioo nikamwona ametoka nje akasimama katikati ya sitaha. Anatazama kushoto, anatazama kulia. Anapiga hatua kuelekea huku, anasita, anarudi. Abiria wanampita na mabegi. Maisha yangu yote sijawahi kumwona dada yangu akikosa pa kusimama.

Nikainuka. Nilishika viti, nikashika mlango, nikashika ukuta, nikamfikia.

"Nenda upande wako wa kushoto," nikamwambia. "Huku kulia nitakaa mimi."

"Utatapika."

"Nitatapika baharini. Kwani itakuwa kitu gani? Nenda."

Akanitazama, kisha akaenda. Nikashika chuma cha ubavuni kwa mikono yote miwili. Tangi la maji sikulitafuta, wala mnara, maana havikuwa na kazi tena. Nilitazama maji tangu gati la huku mpaka gati la kule, na mimi msemaji nikakosa la kumwambia mtu niliyecheka naye miaka yote ile. Mwishowe nikasema kitu kimoja tu, nikakirudia njia nzima kila mahali tulipopita.

"Shemeji, kama uko huku, mkeo amesimama upande wa pili."